Barua Niliyoisoma Nusu

Fisksätra, Jumamosi, saa tisa alasiri

Rehema mwanangu,

Sikuandikii kukuuliza hali, maana hali yako naijua. Umetoka hapa saa sita na vipuli vyangu masikioni, unakwenda kuagana na wenzako kule Flemingsberg, na umeahidi kurudi kabla ya chakula cha jioni. Hali yangu ndiyo usiyoijua. Tangu ufunge mlango nimefuta meza hii mara tatu, na meza haikuwa chafu. Kila treni ikisimama pale chini nakwenda dirishani kuangalia kama umeshuka, wakati najua wewe hata kahawa hujamaliza.

Kesho jioni baba yako atakuja na gari kutoka Kista akupeleke stesheni, na keshokutwa asubuhi utashuka Murjek upande basi la Jokkmokk, kwenye kazi yako mpya kule kaskazini. Ameshakupa orodha yake: viatu, taa ya kichwani, vitamini, namna ya kutembea juu ya barafu bila kuvunja mkono. Sina cha kuongeza hapo. Wewe ni muuguzi sasa, unawaambia watu wazima wale nini na walale saa ngapi. Nimekaa kukuandikia jambo jingine, ambalo kwa miaka mingi nimelifikisha mpaka ulimini nikalimeza.

Naandika kwa Kiswahili. Najua unakisoma polepole, na kwamba nikikusemesha unanijibu Kiswidi. Lakini mimi Kiswidi nakiandika kama mtu anayejaza fomu: ndiyo, hapana, tarehe, saini. Nakuomba usimpe mtu barua hii akusomee, wala usiipige picha simu ikutafsirie. Isome mwenyewe, kwa sauti ukiweza, hata kama itakuchukua wiki nzima. Ukifika katikati utaelewa kwa nini naomba hivyo.

Mwezi wa pili ulilala na homa ya mapafu siku tisa katika chumba chako cha wanafunzi. Kila asubuhi nilikuandikia, na kila asubuhi ulinijibu, allt bra, mamma, kila kitu sawa, na kidole gumba juu. Nilikuja kujua wiki tatu baadaye kwa Mama Furaha, jirani yetu Mkongo, ambaye binti yake ndiye aliyekuletea supu. Tulikutana kwenye chumba cha kufulia. "Mutoto ameshapona bien?" akaniuliza, akidhani najua. Nikamjibu kwamba amepona, Mungu ashukuriwe, kana kwamba nilikesha naye. Kisha nikapanda ngazi na kapu la nguo mbichi, nikakaa kwenye kiti cha pale mlangoni, kapu mapajani, mpaka sketi yangu ikalowa.

Sikukugombeza. Ulipogundua kwamba nimejua, ulijiandaa kwa maneno, na maneno hayakuja, ukaniuliza kama nimekasirika sana kiasi hicho. Sikuwa nimekasirika. Niliogopa, kwa sababu nilijua umejifunza kwa nani.

Kila ukiniuliza kwetu ni wapi, nakujibu Upare, kwa kuwa ni jibu fupi. Baba na mama yangu walizaliwa Upare, milimani, na mimi pia. Ila sikukulia huko. Shamba la baba lilikuwa limegawanywa kwa ndugu na watoto wa ndugu mpaka sehemu yake ikabaki upana wa kitanda. Akasikia kwamba magharibi, upande wa Urambo, ardhi inagawiwa kwa yeyote mwenye nguvu za kufyeka pori na kulima tumbaku. Nikiwa na miaka mitano akatupandisha treni, mama, kaka yangu na mimi, tukasafiri siku nyingi kuliko nilivyoweza kuhesabu wakati ule.

Tulipofika hapakuwa na kijiji. Palikuwa na miti na vigingi vilivyoonyesha shamba la nani linaishia wapi. Mbung'o walitung'ata mchana, usiku tulisikia fisi nyuma ya ukuta wa udongo ambao haujakauka. Majirani walikuwa watu wa kila upande, Wanyamwezi, Waha, Wafipa, na hakuna aliyekuwa na shangazi wala babu hapo karibu. Mtu akifiwa, wa kumlilia walikuwa watu aliofahamiana nao mwaka jana. Huko unakokwenda wewe, barabara zimepigwa lami na zahanati ina umeme. Hata hivyo, nilipokuona unakunja magauni yako juzi, nilimwona mama akikunja kanga zake mbili siku ile ya treni.

Habari za nyumbani zilitufikia kwa barua tu. Zilikuja kwenye sanduku la posta la chama cha wakulima mjini, zikasubiri lori lililoleta mbolea na kuondoka na tumbaku. Masika lori halikupita, na barua moja iliweza kuchukua miezi miwili. Jumamosi karani alisimama kwenye ngazi za ghala akaita majina. Baba hakujua kusoma. Mama naye hakujua. Kaka yangu aliacha shule darasa la tatu akaona pori linamfaa zaidi. Nilibaki mimi. Nilipofika darasa la nne nilikuwa namsomea baba kila barua na kumwandikia kila jibu, kisha majirani nao wakaanza kuja na bahasha zao. Nilikuwa na miaka kumi na najua siri za nyumba saba. Watu wazima walinipisha nikae kwenye kigoda.

Barua zote zilianza kwa namna moja: sisi huku hatujambo, hofu ni kwenu mlio mbali. Nilijifunza upesi kwamba hapo hakuna habari. Habari ilikuwa baada ya neno "ila". Sisi sote wazima, ila ng'ombe amekufa. Sisi sote wazima, ila fulani ameachika. Nikifungua bahasha, macho yangu yalikimbilia neno hilo wakati mdomo bado uko kwenye salamu, ili nijue ninakokwenda na nitoe sauti inayofaa.

Mwaka nilipokuwa darasa la tano, katikati ya kuchuma, ilikuja barua ya shangazi yangu Mwanaidi, mdogo wake baba. Yeye naye aliandikiwa, na mwalimu wa kwao. Baba alitoka shambani mikono ikiwa myeusi kwa gundi ya tumbaku, akakaa, akasema nisome. Nikaanza salamu. Macho yakakimbia mbele kama kawaida, nikaona jina langu, Hadija, ndani ya maneno haya: sisi sote hatujambo, ila mama macho yake yamefunga, jicho la kulia haoni kabisa na la kushoto anaona kivuli. Anaomba umpe Hadija aje akae naye, amshike mkono kwenda mferejini na amwashie moto. Shule huku ipo. Mimi niko kwa mume na siwezi kuhamia. Kaka, tafadhali usichelewe.

Mdomo wangu ulikuwa umefika kwenye ila, ukasimama.

"Ila nini?" akauliza baba.

Nikasema, "Ila Bibi macho yanamsumbua kidogo kwa moshi. Anamsalimu Hadija sana."

Baba alicheka kwa furaha. Akasema mama yake hajanisahau, ingawa tuliondoka kwake nikiwa bado mtoto mdogo. Kisha akaniambia nirudie, kwa sababu kila barua ilisomwa mara mbili ili aishike kichwani, nami nikarudia, na moshi nikauweka palepale.

Nimekuwa na miaka hamsini ya kutafuta sababu nzuri, mwanangu, na sijaipata. Niliogopa kuachana na mama. Milima niliikumbuka kama ukungu na baridi na mwanamke mzee aliyenifuta pua kwa nguvu. Na jambo la tatu, ambalo ndilo baya zaidi, niliogopa kwamba huko ningekuwa mtoto wa kuchota maji tu, wakati hapa nilikuwa msomaji. Baba alituma jibu nililoliandika mwenyewe kwa mwandiko mzuri: mwambie mama ajikinge na moshi. Akampa pia msafiri mmoja chupa ya asali ampelekee.

Miezi miwili baadaye shangazi akaandika tena. Safari hii barua ilikuwa na hasira. Kaka, hukusema neno kuhusu mtoto. Umepata mashamba umesahau tumbo lililokuzaa. Hasira ile niliisoma kwa sauti laini na kuigeuza salamu, jina la mtu mmoja mmoja, mpaka karatasi ikaisha. Baba akasema Mwanaidi siku hizi ameanza kuandika barua ndefu.

Barua ya tatu haikuja. Alikuja shangazi mwenyewe, juu ya lori la mbolea, amejifunga kaniki ya msiba. Mama alipoona kaniki alikaa chini palepale alipokuwa amesimama. Shangazi alisimulia bila kulia. Nadhani machozi yalikuwa yameishia kwenye treni. Bibi alikwenda mferejini peke yake alfajiri, anapapasa kwa fimbo. Ukingo ukakatika. Walimwona adhuhuri. Aliishi siku nne.

Kisha akamgeukia baba. "Kaka, nilikuandikia mara mbili unipe mtoto. Mara ya kwanza ulinijibu habari za moshi. Mara ya pili hukunijibu kabisa. Nimekuja nikuulize uso kwa uso, tulikukosea nini?"

Baba hakunitazama. Alitazama mkebe wa majani ya chai tuliohifadhia barua, akaniambia niulete. Akatoa zile mbili. Alizijua kwa stempu. Akanipa ya kwanza, akasema nisome. Nikasoma. Nikafika pale, na safari hii nikaendelea: mama macho yake yamefunga. Nilisoma mpaka usichelewe.

"Rudia," akasema baba.

Nikarudia.

"Rudia. Taratibu."

Mara ya tatu sauti yangu ilikuwa imekatika, lakini alisubiri mpaka nikamaliza. Ndipo akanipa ya pili. Hakunipiga. Mama alijifunika uso kwa kanga. Shangazi alinitazama muda mrefu, akasema, "Mtoto huyu," na sentensi hiyo hakuimaliza. Alikaa kwetu wiki moja, na kwa wiki hiyo hakupokea hata kikombe cha maji kutoka mkononi mwangu.

Jumatatu iliyofuata baba alikwenda kujiandikisha kwenye kisomo cha watu wazima. Darasa lilikuwa shuleni kwetu, alasiri, na kabla ya hapo alikuwa akisema kwamba yeye ameshachelewa. Sasa nilimwona kupitia dirisha, magoti yamepanda kifuani kwenye dawati la watoto, ameshika chaki kama anayeshika kifaranga. Hakunipa tena barua nimsomee. Ikija, aliichukua akaenda nayo nyuma ya bani, kile kibanda cha kukaushia tumbaku, akakaa huko mchana kutwa. Mimi nilikuwa upande huu wa ukuta nafunga majani, namsikia: ma, cho, ya, ke. Silabi ambazo ningemsomea kwa pumzi moja. Akikwama alirudi mwanzo wa mstari. Hakuniita. Hiyo ndiyo adhabu niliyopata, na ilidumu miaka miwili.

Nilikua, nikasoma, nikaja huku kwa mafunzo ya uuguzi. Nilidhani nimepona. Barua zangu za kwenda nyumbani zilikuwa nzuri ajabu. Niliandika kuhusu theluji, na vyumba vyenye joto, na wagonjwa wanaonipenda. Sikuandika kwamba majira yale ya baridi ya kwanza nilikuwa nafungua bomba la maji jikoni ili nisikie sauti ya kitu kingine kisicho mimi. Hakuna aliyeniuliza. Nilikuwa nimewaambia kila kitu ni sawa, nao walinisadiki.

Mwaka wa tatu ikafika bahasha yenye mwandiko nisioujua. Herufi kubwa, zimeinama, kalamu imekandamizwa mpaka karatasi imetoboka mahali. Ilikuwa ya baba, kwa mkono wake. Haikuwa na hatujambo wala hofu ni kwenu. Iliandikwa hivi, na naijua kwa moyo: "Hadija mwanangu. Naumwa. Daktari anasema ni ini na dawa hakuna. Sikuandikii uje. Nakuandikia ujue."

Nilikuwa na wiki mbili za mafunzo ya wodini. Ungekuwa wewe, ungemwendea mkuu wa kozi ukamwambia baba yangu anakufa. Mimi niliogopa. Nilidhani mgeni akiomba ruhusa ataambiwa arudi kwao moja kwa moja. Nikapiga simu nikasema nina mafua, kisha nikapanda ndege. Niliporudi karibu mwezi mmoja baadaye nafasi yangu ilikuwa imefutwa. Mkuu wa kozi aliniambia kwa upole kabisa kwamba ningesema kweli ningepewa likizo. Siku zote umeamini kwamba mama yako alishindwa mtihani wa hesabu za dawa, ndiyo maana amekuwa muuguzi msaidizi maisha yake yote, undersköterska kwenye nyumba ya wazee. Ulikuwa unanionea huruma ulipokuwa unasoma hesabu hizohizo mezani hapa, unanificha karatasi zenye alama za juu. Nilikuacha uamini hivyo. Mtihani ule nilikuwa nimeufaulu.

Nilikaa na baba siku kumi na tisa. Nilimnyoa, nilimgeuza, nilimlisha uji. Kila siku nilijiambia leo nitamtajia barua zile, na kila siku nikasubiri aanze yeye. Siku ya kumi na saba ikaja barua ya shangazi Mwanaidi. Macho ya baba yalikuwa yamegeuka manjano na hayakuona vizuri tena. Aliigeuza bahasha mara mbili, akaninyooshea.

"Nisomee," akasema.

Nilisoma kila neno, hata tarehe, hata jina la mwandishi pembeni. Kulikuwa na sehemu ngumu humo: shangazi aliuliza kama baba azikwe huko porini au arudishwe milimani. Niliisoma kwa sauti ileile niliyosomea salamu. Alisikiliza akiwa amefumba macho. Nilipomaliza alisema, "Vizuri." Kisha akaniambia niandike jibu, azikwe alipofyeka mwenyewe. Zaidi ya hapo hatukusema kitu. Alifariki wiki moja baada ya mimi kurudi huku.

Mtu aliyepitia hayo ungedhani amepona ugonjwa wake. Sasa sikiliza nililokufanyia wewe.

Unajua zile sauti za shangazi Mwanaidi zinazokuja kwenye simu yangu, tangu mjukuu wake amfundishe kubonyeza. Yeye kwako ni bibi. Anazungumza Kipare, kwa haraka, na wewe huambulii kitu. Unakaa hapo karibu yangu kwenye kochi, unaniuliza anasema nini. Nakujibu, anakusalimu. Siku moja uliniuliza kwa mashaka kama ni salamu tu kwa dakika nne nzima, nikakuambia wazee hurudia maneno. Ukacheka. Ukashika simu ukasema kwa Kiswahili chako, asante bibi, na wewe pia.

Hakuwa akikusalimu tu. Huu ni mwaka wa pili anakuita. Nimekuwa nakata sehemu hiyo na kuitupa, kwa sababu niliona akilini mwangu wewe umekaa barazani kwake, naye anakusimulia mama yako ni nani. Niliogopa utakavyonitazama ukirudi. Nina miaka zaidi ya sitini na bado naogopa kama yule aliyekalia kigoda.

Leo asubuhi ulipokuwa bafuni nilimpigia. Nilikuwa nimesimama, sikuweza kukaa. Nikamwambia, "Shangazi, mwaka wa pili huu simfikishii Rehema maneno yako."

Nilisikia kuku wake. "Najua," akasema.

Nikamuuliza amejuaje. Akasema mtu anayeambiwa njoo hujibu naja au siji, lakini huyu anajibu asante, na wewe pia.

Nikamwambia ukweli wote, kwamba sikutaka usikie habari za Bibi na zile barua. Nilitegemea anikemee. Akaniuliza akusimulie nini, kwamba mtoto wa miaka kumi na moja aliogopa? Halafu akasema maneno haya, polepole, kama aliyekuwa ameyaweka tayari:

"Mimi nilikuwa mtu mzima, Hadija. Kutoka kwangu kwenda kwa mama ilikuwa mwendo wa saa mbili. Mume wangu alinikataza kuhamia kule, nami moyoni nikashukuru kwamba amenikataza. Tulimwandikia mtoto aje afanye kazi yangu. Nilipanda treni kuja kwenu na hasira zangu ili nisijitazame mwenyewe."

Ulitoka bafuni na taulo kichwani ukaniuliza ni nani, nikasema shangazi, ukasema msalimie. Shangazi amebeba mzigo wake miaka hamsini, na mimi wangu, na tulikuwa tunatumiana heri ya sikukuu. Sijui nifanye nini na jambo hilo. Halikunipunguzia hofu, nakwambia kweli. Limenionyesha tu kwamba nilikuwa naogopa mahali pasipo na kitu, wakati wewe ulikuwa unakua bila bibi.

Niliogopa kuyasahau maneno yake ya kukuita, nikamwomba ayaseme upya, niyaandike. Aliyarudia kwa Kiswahili ili nisiyatafsiri. Ni haya, na sikupunguza wala kuongeza:

"Mwambie Rehema kwamba Mwanaidi bado yupo. Nimeona picha yake kwenye simu. Paji lile la uso ni la mama yangu, na hapa nyumbani hakuna mwingine aliyelirithi. Nataka kulishika, picha haishikiki. Siumwi, lakini nimezeeka, na masika iliyopita nilishindwa kupanda mpaka makaburini. Akija nitampeleka, miguu ikikubali. Isipokubali, atapelekwa na wengine nami nitamsubiri nyumbani. Aje na mama yake au aje peke yake, ila jibu asinipe kwa kupitia mtu. Kama hawezi kuja, aniambie hawezi. Kama hataki, aniambie hataki. Nilishawahi kusubiri majibu, na sasa sina muda wa kusubiri tena."

Hayo ndiyo maneno yake. Barua hii nitaitia kwenye mfuko wa koti lako la baridi, na nakuomba usiifungue mpaka treni ipite Uppsala. Nikikuona unaisoma mbele yangu nitaanza kueleza, na nikianza kueleza nitaharibu. Huko kaskazini ukinikasirikia, nikasirikie kwa sauti. Ukinyamaza nitajaza mwenyewe hayo uliyoyanyamazia, na mimi huyajaza vibaya.

Namba yake nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Huamka alfajiri, na saa ya kwao iko mbele ya yetu, kwa hiyo usiogope kumpigia mapema kabla hujaenda kazini. Kiswahili anakijua vizuri kuliko anavyojifanya. Akipokea atakuwa ameweka simu sikio la kulia, ambalo halisikii. Mtaje jina lako, kisha ngoja kidogo aihamishie la kushoto, ndipo uanze kusema.

Mama yako,
Hadija